Aliyebaki Juu

Mume wangu alipokuwa anakaribia kufa alitaka kitu kimoja tu, na kitu chenyewe kilikuwa upande wa pili wa ukuta. Alitaka dada yake amsemeshe. Hakutaka dawa, hakutaka daktari mwingine, na chakula nilichompikia kwa kubembeleza alikitazama kama mtu anayetazama mzigo wa mwenzake. Hospitali walishatuambia ini limekwisha, tukae naye nyumbani. Basi akalala chumba cha mbele, uso ameuelekeza ukutani, na kila wifi yangu alipokohoa huko kwake au kusogeza kiti, yeye alifumbua macho.

Nyumba yetu ni moja iliyokatwa katikati. Wazazi wao waliwaachia hivyo: nusu ya kaka, nusu ya dada, ua mmoja, bomba moja. Miaka nenda miaka rudi wifi alichota maji kwenye bomba lile bila kumpa kaka yake hata salamu. Akimkuta pale, aliweka ndoo chini akampa kisogo, akasubiri amalize. Mimi alinisalimia vizuri. Watoto wangu aliwashonea sare za shule, maana ushonaji ndiyo kazi yake, na hakunitoza kitu. Ila kaka yake, waliyetoka naye tumbo moja, alimfanya kama hayupo.

Nitaeleza sababu, na nitaieleza kwa hasira, kwa kuwa sijui kuieleza vinginevyo.

Mume wangu alikuwa mchimba visima. Kusema kweli hakuchimba, alishika kamba. Mabega yake yalikuwa mapana mno, akiingia shimoni hageuki, na tangu uchumba nilimtania kwamba nimeposwa na mlango. Aliyechimba alikuwa shemeji, mume wa wifi, mtu mwembamba, mwepesi kama paka, ambaye mdomo wake haukujua likizo. Walifanya kazi pamoja tangu kabla sijaingia katika nyumba hii. Shemeji alishuka kwa vijishimo vya kukanyagia alivyovichonga ukutani mwa kisima, akajaza ndoo udongo, na mume wangu akaivuta. Akiwa chini hakujifunga kamba, ilimzonga asifanye kazi. Kamba ilikuwa ya ndoo. Badala yake walikuwa na mtindo wao. Kila ndoo ilipofika juu, mume wangu aliinama kisimani akauliza, "Upo?" na kutoka chini ikaja sauti, "Nipo." Kutwa nzima upo, nipo, upo, nipo, mpaka wenye nyumba wakawa wanawacheka. Shemeji akiwa na raha zake alijibu, "Nimetoka kidogo, pitia baadaye."

Na kabla ya kushuka waliteremsha mshumaa ndani ya kopo. Ukizimika, chini hewa ni mbaya, kazi hakuna. Ukiwaka, twende. Wachimbaji wote ninaowajua hufanya hivyo, na walifundishwa hivyo na waliowatangulia. Mume wangu aliuamini mshumaa kuliko alivyowaamini watu, na kwa jinsi watu walivyokuja kumtenda simlaumu.

Kisima chenyewe kilikuwa kwenye kiwanja cha mfyatua matofali. Walishafika kwenye maji, na maji yakawa yanajaa kuliko walivyoweza kuyatoa kwa ndoo. Mfyatua matofali, mtu wa pupa, akaleta mashine ya kuvuta maji, ile ya petroli. Kisima kilikuwa kirefu, mashine ikashindwa kuvuta kutoka juu. Wakaiteremsha kwa kamba mpaka kwenye kibaraza walichokuwa wamekichonga katikati ya kisima, shemeji akashuka akaiwasha humo humo, akapanda haraka. Ikanguruma asubuhi nzima, maji yakapungua. Ilipoishiwa petroli ikazimika, wakaipandisha kwa kamba yake, wakakaa kidogo, wakateremsha mshumaa. Ukawaka vizuri kabisa, mwali umesimama wima. Shemeji akashuka.

Baadaye bwana mmoja wa zimamoto alitueleza, kwa upole, kwamba moshi wa injini ni sumu ya namna yake. Hauzimi mshumaa. Mtu anakufa na mshumaa unaendelea kuwaka pembeni yake. Hawakulijua hilo. Sisi sote hatukulijua. Walikuwa na kipimo cha adui mmoja, na siku hiyo akaja mwingine.

Ndoo ya kwanza ikapanda. "Upo?" "Nipo." Ndoo iliyofuata ikachelewa. "Upo?" "Kichwa kinanigonga." Mume wangu akamwambia apande. "Nipo, nipo," shemeji akasema, kwa sauti ya mlevi, na baada ya hapo hakusema tena.

Mume wangu aliita mpaka watu wakajaa. Wa kwanza kufika alikuwa seremala wa ng'ambo ya barabara, jibaba moja ambalo watu waliliita Kicheko, kwa kuwa alikuwa anacheka mpaka msibani, na hakuna aliyemchukia kwa hilo. Kicheko akavua viatu. Mume wangu akamwambia asishuke, hewa ya chini imekufa, wasubiri zimamoto. Kicheko akamtazama kama anayemtazama mtu asiyemfahamu. "Yaani unamwacha shemeji yako hivi hivi?" Akashuka. Walimsikia akisema, "Nimemfikia," kisha wakasikia kishindo cha mtu mzito kwenye maji. Basi.

Wifi alikuwapo. Alikuwa amewaletea chakula cha mchana. Alipoona Kicheko naye amenyamaza, alitupa sahani akakimbilia kisimani, kwa miguu yake mitupu, ashuke kumfuata mumewe, na mume wangu akamdaka kiunoni. Akamvuta, akaanguka naye kwenye rundo la mchanga, akamng'ang'ania. Wifi alimpiga, akamkwaruza uso, akamng'ata mkono mpaka damu ikatoka, akipiga kelele aachiwe akafe na mume wake. Hakumwachia. Alimshika vile vile, mbele ya umati, mpaka zimamoto walipokuja na vinyago vyao na mitungi ya hewa. Mimi nilifika wakati wanawatoa. Sitaeleza walivyokuwa.

Sasa angalia watu walivyo. Kabla maiti hazijaoshwa hadithi ilishapangwa, na kila mtu amepewa nafasi yake. Kulikuwa na shujaa, Kicheko. Kulikuwa na mke mwema, wifi yangu, aliyempenda mumewe hata akataka kumfuata shimoni. Na kwa kuwa hadithi haikolei bila mtu wa kutemewa mate, alikuwapo mume wangu, mwenye mabega yote yale, aliyebaki juu. Wanaume waliokuwa wamesimama pale na kutazama, na walikuwa wengi, hakuna aliyewauliza lolote. Wao ndio waliosimulia.

Msibani kwa Kicheko walizungumza wazungumzaji, mmoja baada ya mwingine, kuhusu moyo wa kujitolea. Nilimheshimu Kicheko na ninamheshimu hata leo, kile alichokifanya mimi nisingekithubutu. Lakini alishuka asimtoe mtu, akaacha mke na watoto wadogo, na wale waliomsifu sikuwaona tena mlangoni kwa mjane wake. Mume wangu hakushuka, na dada yake yu hai. Nimeligeuza jambo hili upande huu na upande ule, nikisuka nywele za watu, nikifua, nikisubiri usingizi, na nimefika mahali pamoja tu. Tunachokisifu ni wema unaosimulika. Mtu anayejitupa anasimulika. Mtu anayeshika na kung'ang'ania, huku anang'atwa, utamsimuliaje?

Walimwita Bakijuu. Walianza watoto, wakadakia wakubwa. Kazi ya visima ilikwisha, kwa maana nani atashuka huku kamba ameshika Bakijuu? Akawa anasukuma mkokoteni sokoni, na huko nako wapo waliomwambia, "Bakijuu, leo mzigo uko chini, utauinamia?" Alikuwa anainama anabeba. Kijana wetu mkubwa alipigana shuleni kwa ajili ya jina hilo mpaka akaamua kumwambia mwalimu kwamba baba yake alishakufa. Mwalimu akaja kutupa pole. Mume wangu ndiye aliyempokea mlangoni, akamkaribisha kiti, akamshukuru kwa pole.

Mimi si mpole namna hiyo. Mimi ni msusi, na kichwa cha mtu kikiwa katikati ya magoti yako unasikia mengi. Siku moja mteja mmoja mgeni, asiyejua mimi ni nani, akanisimulia habari ya mwanamume fulani mwoga wa mtaa huu, mpaka na vile alivyomziba mdomo dada yake asiite msaada, jambo ambalo halikutokea. Nilimsuka nikambana nywele mpaka macho yakamvutika kama ana usingizi, nikampokea ujira wake, nikamwambia karibu tena. Ilinifariji kwa mchana mmoja.

Wifi kwa upande wake akapanda daraja. Wachumba walimjia akawakataa wote, na kila alipomkataa mmoja sifa zake zikaongezeka. Mama mwenye binti mkorofi alimtolea mfano. Mabibi harusi wakiwa karibu kuolewa, waliletwa kwake awape maneno mawili matatu kuhusu kupenda. Nilikuwa nawaona wakiingia kwake wamejiinamia, wakitoka wamefuta machozi. Yeye mwenyewe hakujisifu hata siku moja, hilo nampa haki yake. Alikuwa anawasikiliza, anawashonea, na akizidiwa na sifa alisema ana kazi za watu.

Nilimuuliza mume wangu mara moja tu, nikiwa nimemkasirikia kwa jambo jingine kabisa. Nikamwambia, "Hebu niambie ukweli. Ulibaki kwa akili au kwa woga?"

Alikuwa ameshika kiatu anachotaka kukivaa, akakigeuza geuza. "Sijui," akasema. "Nilibaki kwanza, nikafikiri baadaye."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Akasema kilichomnyima usingizi si kutoshuka. Ni Kicheko. "Yule nilimwambia kwa mdomo tu. Dada nilimshika kwa mikono. Ningemshika na yule." Nikamwambia Kicheko alikuwa mkubwa kuliko yeye, wangeangushana wote. Akasema, "Ndiyo. Wangekuwa wawili wanaoniita mwoga, na wote wazima." Akavaa kiatu akaenda sokoni. Kwa hiyo watu walikuwa wanamhukumu kwa kosa moja na yeye anajihukumu kwa jingine, na kesi hiyo ya pili watu hawakuijua.

Ndipo yakaja maradhi, na tumbo likavimba na miguu ikawa myembamba, na lile takwa lake moja.

Nikaenda kwa wifi. Nilimkuta kwenye cherehani. Nikamwambia kaka yako anakuulizia. Akasema ana magauni ya watu ya kumaliza. Nikarudi siku nyingine, akaniambia kichwa kinamuuma. Niliporudi tena nilimkuta ana wageni, mama na binti yake wa kuolewa, nami nikavumilia mpaka walipotoka. Kisha nikamtolea uvivu.

"Wifi, mimi sikuombi umsamehe. Kama ni kumchukia, mchukie, lakini njoo umchukie ukiwa unamwangalia. Yule anakufa. Anakaa anakusikiliza ukikohoa kama watu wanavyosikiliza redio. Huna haya?"

Alizungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, polepole, na sindano haikuwa na uzi. Nikaondoka nikiwa nimekata tamaa, na njiani, njia yenyewe ya hatua chache za uani, nililia kwa hasira.

Alikuja kesho yake mchana. Hakubisha hodi. Nilikuwa namwosha mume wangu miguu, nikamwona amesimama mlangoni amejifunga kanga vizuri kama anayekwenda safari. Nikampisha kigoda, nikachukua beseni nikasimama pembeni, kwa maana kutoka sikutoka. Ningetokaje?

"Umekuja," mume wangu akasema.

"Kaka," wifi akasema. Sauti ilikuwa na kutu. Akakaa. Akaangalia miguu yake, akaangalia dirisha. Kisha akaanza kusema bila kumtazama, haraka haraka, kama mtu anayetapika.

"Watu wanasema nimekununia kwa sababu ulinizuia. Wewe nawe umedhani hivyo. Wifi naye anadhani hivyo. Sivyo, kaka. Mimi nilikimbia kwa sababu wote walikuwa wananitazama. Kicheko ameshuka, mtu baki, na mimi ndiye mke. Nikakimbia. Nilipofika ukingoni nikaona lile giza, nikasema moyoni, jamani mtu anishike. Wewe ukanishika." Akaikunja ncha ya kanga. "Nilifurahi, kaka. Mume wangu yuko kule chini, na mimi nilifurahi. Nikawa nakupigia kelele uniachie, na moyoni nakuomba usiniachie. Nilikung'ata ili waone. Sasa kila nikikuona naikumbuka ile furaha. Nimeshindwa kukutazama. Nimewaachia watu wakutukane, nikanyamaza, na hao mabinti wanakuja wananiuliza mapenzi ni nini."

Beseni lilikuwa mikononi mwangu na maji yakawa yananimwagikia miguuni, sikuyajali.

Mume wangu akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Mkono mmoja ulikuwa unanipiga. Wa pili ulikuwa umenishika shati hapa," akajigusa kifuani, "umeling'ang'ania. Walipokuja zimamoto nikataka nisimame, hukuliachia. Vifungo vilikatika."

Wifi alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu kisima. Kisha akaangusha kichwa kwenye godoro akalia, na kilio chenyewe hakikuwa kama kile cha msibani ambacho mtaa mzima uliwahi kukisifu. Kilikuwa kibaya, cha kukwama kwama, cha mtu anayeaibika. Mume wangu akamwekea mkono kichwani. Mkono ulikuwa umebaki mifupa, ila ulikuwa mpana vile vile.

"Kutaka kuishi si kosa, mdogo wangu," akamwambia. "Nami nilitaka."

Wifi alikaa naye mpaka jua lilipopungua ukutani. Sikuwasikia wakisema tena jambo la maana, aliuliza tu kama miguu inamuuma, akamnywesha maji kwa kijiko. Alipoondoka, mume wangu alikuwa na uso wa mtu aliyetua mzigo, na ningepaswa kushukuru. Sikushukuru. Nilifunga mlango nikamgeukia.

"Miaka yote hii ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Mtoto wako alimwambia mwalimu wewe ni maiti. Mimi nimetukanwa nikiwa nasuka watu. Watoto wamekua wakiitwa watoto wa Bakijuu. Na wewe una neno moja mdomoni la kuwanyamazisha wote, unalilalia. Ulimlinda yeye. Sisi nani alitulinda?"

"Hakuna," akasema. Hakujitetea, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Ilinijia pale, nikiwa nimesimama na beseni tupu, kwamba wema wake ule mkubwa sisi ndio tuliokuwa tukiulipia, mimi na wanangu, bila kuulizwa.

"Angalau mimi ungeniambia. Mimi mkeo. Usiku, kwa siri, ningejua nimeolewa na nani. Ningebeba vizuri zaidi."

Alinitazama kwa huruma, na Mungu ananiona, nilichukia huruma ile.

"Wewe ungewaambia watu, mama watoto," akasema.

"Nisingesema."

Alitabasamu kidogo, akageukia ukuta.

Alikufa ndani ya wiki ile. Msibani wifi alikaa karibu nami, akashikwa huku na huku na wanawake. Nyuma yangu mmoja akamnong'oneza mwenzake, nami nikasikia kila neno: tazama moyo wa mwanamke huyu, amemsamehe hata aliyemwacha mumewe afe. Wifi naye alisikia. Akanitazama. Aligeuka rangi, akangoja, na nikaona kwamba anangoja mimi niseme. Neno lilinifika kooni likanitekenya. Nikalimeza. Nikamshika mkono, nikatazama mbele, na moyoni nikamwambia marehemu, umeona? Siku ile nilijiona mtu mwema kweli kweli, labda mwema kuliko wote waliokuwa pale, na nilitamani kuwe na mtu wa kuliona hilo.

Wifi bado yu hai. Wanawake bado wanamtolea mfano, na mabinti bado wanaletwa kwake. Mimi nimeshakusimulia yote.